Mtaji uliolala kwenye menyu ya king'amuzi

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa habari za pamba, dengu, mpunga wa Kahama na mwenendo wa dhahabu. Wiki hii naomba ruhusa ya kuandika juu ya bidhaa isiyopimwa kwa debe wala kwa gramu. Ukitoka Shinyanga mjini ukapita Kahama, ukakata kuelekea Kakola na Geita hadi ukafika Katoro, utaiona juu ya bati la kila baa, kila nyumba ya wageni na kila kibanda umiza. Ni dishi la satelaiti, na chini yake king'amuzi.

Hoja yangu nitaisema mapema ili asiyekubaliana nami asipoteze muda. Wafanyabiashara wengi wa ukanda huu wanaweka fedha kwenye boksi na kuiacha mipangilio ya boksi hilo mikononi mwa fundi. Hilo ni sawa na kununua karasha halafu ufunguo akae nao jirani.

Biashara yenyewe ni halali na ina wateja. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa nchini, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na Mwanza mwishoni mwa Februari 2013, king'amuzi kimeacha kuwa anasa. Azam TV iliingia sokoni Desemba 2013, na mwaka 2021 ikasaini mkataba wa miaka kumi wa haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mwaka huo huo Geita Gold ilipanda Ligi Kuu, ikakaa humo hadi iliposhuka mwaka 2024. Kwa misimu hiyo hapakuwa na mwenye kibanda pale Geita aliyehitaji kushawishiwa anunue dishi.

Sasa nieleze kisa kilichonifanya niandike. Tarehe 21 Januari 2024 Taifa Stars ilicheza na Zambia huko Ivory Coast katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Mwenye baa mmoja wa Katoro alikuwa na risiva ya kawaida, ile isiyo na kadi, aliyoitegemea kwa chaneli moja ya bure iliyokuwa ikirusha mechi hizo. Mchana wake kijana wa kaunta alikuwa akihangaika na rimoti, akaingia ndani ya menyu, akabonyeza mahali pa kurudisha mipangilio ya kiwandani. Jioni kioo kikawa cheusi kikiandika kwamba hakuna mawimbi. Bao la Msuva mwenye baa alilisikia kupitia redio ya duka la jirani, huku wateja wake wakihamia upande wa pili wa barabara na chupa zao mkononi.

Jumatatu alinunua LNB mpya, yaani kile kichwa kinachoshikwa na mkono mbele ya dishi. Haikusaidia. Akabadilisha waya wote. Haikusaidia pia. Akanunua risiva nyingine ya aina ile ile, nayo ikaja na mipangilio ile ile ya kiwandani. Fundi aliyemaliza tatizo hakupanda hata juu ya bati. Aliketi kwenye kiti, akafungua menyu, akabadilisha mstari mmoja uliosomeka 5150 ukawa 9750/10600.

Namba hizo hazina uganga. Mawimbi yanayoshuka kutoka satelaiti ni ya masafa makubwa mno kupita kwenye waya hadi sebuleni. Kazi ya LNB ni kuyapunguza kwa kutoa namba maalumu. Tuseme chaneli inarushwa kwenye masafa ya megahezi 11,000, ambayo ni bendi inayotumiwa na madishi madogo. LNB ya bendi hiyo inatoa 9,750 na kubakiza 1,250, na risiva inapokea chochote kilicho kati ya 950 na 2,150. Hesabu imekubali. Lakini menyu ikiwa imeandikwa 5150, ambayo ni namba ya LNB za madishi makubwa ya futi sita na nane, risiva itadhani imebaki 5,850, itaitafuta mahali isipopaswa kuwa, na itakuambia hakuna mawimbi. LNB ni nzima, waya ni mzima, dishi limeelekea panapotakiwa. Kilichokosewa ni hesabu ya kutoa, na mwenye baa ameilipia mara tatu.

Mchimbaji mdogo wa Rwamgasa au Nyarugusu hawezi kukubali dhahabu yake ipimwe kwenye mizani iliyogeuziwa upande mwingine. Tangu soko la madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019 anataka aone namba kwa macho yake mwenyewe, na ana haki. Mtu huyo huyo akifungiwa dishi nyumbani, anamwachia fundi ageuze televisheni ukutani, abonyeze anachobonyeza na aondoke na siri yake.

Kuna neno moja kwenye menyu hizi linalowachanganya hata wauzaji wa maduka. Neno hilo ni mtandao. Kwenye king'amuzi lina maana mbili zisizohusiana. Ya kwanza ni mtandao wa kituo, yaani kundi zima la masafa ambayo kampuni moja inayatumia kwenye satelaiti moja. Ya pili ni mtandao wa intaneti, ule unaopita kwenye waya wa kompyuta, kidude cha Wi-Fi au modemu ya kuchomeka. Nimeona muuzaji akimwambia mteja anunue bando ili chaneli zirudi, kumbe kilichokuwa kimepotea ni mtandao wa maana ya kwanza.

Maana hiyo ya kwanza ndiyo yenye faida kwa mwenye mtaji mdogo. Ving'amuzi vingi hupewa masafa ya nyumbani, mlango mmoja wa kuanzia. King'amuzi kikifika hapo husoma orodha inayorushwa pamoja na picha, orodha inayotaja masafa mengine yote ya kampuni hiyo, kisha chenyewe kinazunguka na kuyakusanya. Kampuni ikihamisha chaneli, orodha inabadilishwa huko huko juu, na king'amuzi kilichoachiwa utafutaji wa mtandao hujirekebisha bila fundi kuitwa. Fundi anapozima kipengele hicho na kuingiza masafa kwa mkono, moja baada ya jingine, picha inakuja haraka na mteja anafurahi. Siku masafa yakibadilika ni yeye tu atakayejua la kufanya. Sisemi mafundi wote wanafanya hivyo kwa makusudi. Wengine walifundishwa hivyo na wenzao. Lakini ukihesabu safari ambazo fundi wa aina hiyo anaitwa kwa mwaka, utaona kwamba mteja amejiunga na malipo ya pili ya kila mwezi bila kujua.

Niseme kidogo juu ya dishi lenyewe, maana menyu haiwezi kuokoa dishi lililokosea anga. Ukanda wetu una bahati ya kuwa karibu na Ikweta. DStv kwa upande huu inatoka kwenye nyuzi 36 Mashariki. Ukiwa Geita, ambayo iko kwenye nyuzi 32 na kidogo, satelaiti hiyo iko karibu utosini. Mwinuko wake ni kama nyuzi 84, ikiegemea kaskazini mashariki. Mti wa jirani hauizuii, ila ukingo wa paa lako mwenyewe unaweza kuizuia. Azam inatoka kwenye nyuzi 7 Mashariki, kwa hiyo kwetu iko magharibi, ikipanda kaskazini kidogo tu, kwa mwinuko wa nyuzi 60 hivi ukiwa Geita na 59 ukiwa Shinyanga. Hiyo mwembe wa upande wa magharibi unaweza kuiziba, na ghorofa litakalojengwa mwakani pia. Usishangae kuona uso wa dishi dogo umesimama zaidi kuliko namba hizi zinavyosema. Limetengenezwa hivyo, kwa mwinamo wake, na vipimo vilivyochorwa kwenye kishikio chake vimezingatia jambo hilo.

Atakayekuambia kwamba dishi moja la kawaida la sentimita 90 litakusanya zote mbili anakudanganya. Zimeachana mno. Anayetaka Ligi Kuu yetu na Ligi Kuu ya Uingereza kwenye kibanda kimoja apange bajeti ya madishi mawili na ving'amuzi viwili, na asimamishe nguzo za chuma zilizojengewa zege. Nguzo ya mti, hata kama ni timba imara lililobaki duarani, inapinda. Kwa dishi la ukubwa huo, kuhama kwa nyuzi moja tu kunapoteza karibu nusu ya nguvu, na wingu la kwanza la masika litamaliza iliyobaki.

Kwenye ukurasa wa menyu unaoonyesha mistari miwili, tazama ule wa ubora. Mstari wa nguvu unaweza kujaa hata dishi likiangalia satelaiti isiyo yako, kwa sababu unapima tu kama kuna kitu kinachoingia kwenye waya. Fundi akikuonyesha mstari wa nguvu uliojaa na akaanza kukunja vifaa vyake, mwambie akuonyeshe na wa pili kabla hujampa fedha.

Aidha, kuna tofauti kati ya tatizo la dishi na tatizo la malipo, na king'amuzi chenyewe kinakuambia ukikisoma. Kwenye DStv, maandishi ya E48-32 yana maana kwamba mawimbi hayafiki. E16 ina maana kwamba mawimbi yanafika lakini kadi haina ruhusa. Wa kwanza anahitaji fundi, wa pili anahitaji simu yake mwenyewe. Hapa ndipo wenye jenereta na sola wanapoumia. Ruhusa ya kufungua chaneli hushuka kutoka satelaiti ile ile, na king'amuzi huipokea kikiwa kimewashwa na mawimbi yapo. Mwenye kibanda wa mwaloni anayelipia kwa simu mchana jenereta ikiwa imezimwa, halafu akawasha dakika tano kabla ya mpira, ruhusa inaweza kuwa imempita, na itabidi aombe irushwe upya huku watu wamejaa kwenye mabenchi. Hali kadhalika programu mpya za king'amuzi hushuka mara nyingi kikiwa kimelala bila kuchomolewa. Kinachochomolewa kila usiku kinabaki nyuma, na kinachochomolewa katikati ya kusasishwa kinaweza kufa kabisa.

Tufanye hesabu kwa mfano tu. Kibanda chenye mabenchi ya watu 70, kiingilio shilingi 500, ni shilingi 35,000 kwa mechi moja, bila soda na karanga. Saa za huko nazo zina mchezo wake. Mechi inayoanza saa tisa alasiri London inaanza kwetu saa kumi na moja jioni wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na mbili wakati wa baridi yao. Risiva ambayo saa yake haikupangwa kwenye GMT kuongeza saa tatu itakuonyesha ratiba ya uongo, na ubao wa nje wa kibanda utaandikwa uongo huo huo kwa chaki.

Sasa nije kwenye maana ya pili ya mtandao, ambayo naiogopa zaidi. Katika baadhi ya maduka ya miji yetu kunauzwa risiva zenye ukurasa wa intaneti uliokwisha jazwa. Ndani yake kuna anwani ya mtambo fulani ulioko kusikojulikana, jina la mteja na neno la siri. Risiva inapokea picha kutoka dishini kama kawaida, lakini funguo za kufungulia chaneli za kulipia inaziomba kwa intaneti kutoka kwenye mtambo huo, ambao nao unazichukua kwenye kadi moja halali iliyofichwa mahali. Mteja analipa mara moja kwa mwaka, kiasi kidogo kuliko vifurushi vya miezi kumi na miwili, na anaambiwa amepata.

Tuache maadili kwanza, tuitazame kama wawekezaji. Umelipa mwaka mzima mbele kwa mtu ambaye hana ofisi, hatoi risiti na bidhaa yake inategemea kadi ya mtu mwingine. Kampuni ikibadilisha mfumo wa funguo, au mwenye mtambo akiamua kuhama mji, huna mlango wa kugonga. Nani kati yetu angenunua marudio ya mwaka mzima kwa masharti hayo? Ukirudi kwenye sheria mambo ni mabaya zaidi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inasimamiwa na COSOTA, na vifaa vya mawasiliano viko chini ya TCRA. Mwenye duka akikutwa na risiva hizo anahatarisha bidhaa zote za rafu ile na leseni yake ya biashara, kwa ajili ya bidhaa moja.

Nakubali kwamba wanaonunua wana sababu zao. Vifurushi ni ghali kwa mtu ambaye mgao wake wa duara haujulikani mpaka mfuko wa mwisho usagwe. Ila makosa ya namna hii nayaona hata kwa wenye uwezo. Nyumba ya wageni yenye vyumba ishirini inalipia kifurushi cha nyumbani na kukigawa kwa waya vyumba vyote, hivyo mgeni wa chumba namba saba anatazama anachotaka mhudumu wa mapokezi. Kampuni za televisheni zina vifurushi vya biashara kwa kazi hiyo, na masharti ya kifurushi cha nyumbani hayaruhusu kukitumia baa au hotelini. Anayejenga nyumba ya wageni Katoro au Masumbwe leo angeuliza bei hiyo kabla ya kuezeka, maana waya wa kila chumba ni rahisi kupitisha ukuta ukiwa haujapigwa lipu.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kazi ya kampuni, zijisimamie zenyewe. Historia haiungi mkono. Mwishoni mwa Januari 2009 kampuni ya GTV, iliyokuwa na haki za Ligi Kuu ya Uingereza na iliyokuwa na wateja hapa nchini, ilifunga milango. Maboksi yake yakabaki kuwa vifuniko vya meza. Mwaka 2018 TCRA iliagiza ving'amuzi vya satelaiti vya kulipia viondoe chaneli za ndani za bure kwa sababu leseni zao hazikuruhusu. Wateja waliita mafundi watafute chaneli upya, wengine wakalipia utafutaji huo, wakati hakuna menyu duniani ingeweza kuzirudisha. Anayeelewa mipangilio anajua pia mahali inapokomea. Na tangu Septemba 2025 MultiChoice iko chini ya Canal+ ya Ufaransa, kwa hiyo mwenye duka aliyejaza stoo kwa boksi la kampuni moja tu anafanya kamari.

Ningekuwa na duka la vifaa hivi mjini Kahama, ningeacha kuchanganya bei ya boksi na bei ya kufunga. Leo mteja anatajiwa namba moja, anapunguziwa, na punguzo hilo linatoka kwenye kazi: nguzo fupi, waya mwembamba, dakika kumi kwenye menyu. Ningeandika ufundi kwenye risiti kama mstari wake peke yake, na hapo hapo ningeambatisha karatasi yenye satelaiti, aina ya LNB, namba zake, masafa ya nyumbani, kasi ya alama ambayo mafundi huiita simbo reti, mawimbi ya mlalo au ya wima, na usomaji wa ubora siku ya kukabidhi. Namba ya siri ya kiwandani, ambayo mara nyingi ni 0000 au 1234, ingebadilishwa mbele ya mteja na kuandikwa na yeye, si na mimi. Ikiwa kuna risiva inayotumia dishi zaidi ya moja kwa swichi, ningeandika pia dishi gani limeingia mlango wa kwanza na lipi la pili, kwa sababu waya mbili zilizobadilishana milango zinatoa dalili zile zile za LNB iliyoungua.

Mafundi hawatalipenda hili mwanzoni. Mmoja wa Shinyanga niliyemweleza alicheka, akasema nataka kumpa mteja daftari la mganga. Nilimwuliza anapata simu ngapi za Jumamosi jioni ambazo haziwezi kumlipa, kwa sababu kufika Nyarugusu kabla ya mapumziko haiwezekani. Alikubali kwamba ni nyingi, na kwamba wengi wa hao wakimkosa humwita mwingine na hawarudi.

Yule mwenye baa wa Katoro sasa ameandika namba zake kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya mlango wa kaunta, 9750/10600 ikiwa juu kabisa. LNB ile ya kwanza, ambayo haikuwahi kuharibika, bado anayo kwenye boksi lake na anaiuza. Risiva ya pili pia. Wiki ijayo tunarudi kwenye dengu.